Mwalimu Asiyefundisha

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Bosi amerudi kutoka Arusha. Alikwenda semina ya siku mbili, amerudi nabii.

Asubuhi Filbert — mkurugenzi, mwenye kituo, mwenye funguo zote mpaka ya choo — ametukusanya walimu wote wa Kiingereza. Walimu wote, yaani mimi na Athanas. Akatangaza kwamba zama za kukaririsha zimekwisha. Kuanzia leo ni taski. Mwanafunzi anapewa taski, anaifanya, lugha inaingia yenyewe. Na mwalimu? Mwalimu anakaa.

Nikamwuliza, anakaa anafanya nini?

"Anakaa, Madam Severa. Ndiyo usasa wenyewe."

Hiyo njia naijua. Niliisoma chuoni na nikaipenda, na kwa miaka nimemwomba Filbert aniruhusu kuitumia. Mtu hujifunza lugha akiwa na jambo anataka kulifanikisha kwa lugha hiyo, na mwalimu anakuwa na kazi maradufu: kuandaa, kusikiliza, kusaidia, kisha kufundisha pale palipokwama. Sasa nimepewa nilichokiomba, kimefika kimevunjika.

Na kuna mkia wa tangazo. Kituo hakiwezi kubeba walimu wawili wa Kiingereza. Mwisho wa mwezi anabaki mmoja. Athanas hataki kusikia taski, ameachiwa nyakati zake za vitenzi. Mimi nitakuwa "darasa la mfano." Na darasa langu karibu lote ni wafanyakazi wa Bi Zamzam, yule muuza mapazia na mashuka ya jumla wa Mtaa wa Narung'ombe. Akiridhika yeye, nabaki. Akiwatoa watu wake, sina darasa, sina kazi, narudi Moshi kwa kaka Hillary.

Hillary ameshaniwekea kiti nyuma ya kaunta ya duka lake la misumari na mabati. Kila Jumapili ananipigia kunikumbusha. "Kiti chako kipo." Chumba changu cha Ilala ni kidogo na jirani anaamka na muziki, ila ni changu. Sitaki kurudi. Naandika tena ili nijisome vizuri: sitaki.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeingia darasani, nikakuta ukuta. Mweupe, na matundu ya misumari. Ubao haupo!

Filbert ameuhamishia kwa Athanas. "Mbinu yako haitumii ubao, Madam." Kachukua na kalamu za ubao. Athanas sasa ana mbao mbili: mmoja wa wakati uliopo, mmoja wa wakati uliopita. Ule ujao nadhani ataandika mlangoni.

Nimepewa kijitabu cha semina, niseme asante. Taski ya kwanza: Jane anatimiza miaka thelathini. Marafiki zake wajadiliane kwa Kiingereza, wakubaliane sherehe ifanyike wapi, wale nini, wampe zawadi gani. Nikawagawa watu, nikakaa. Kama nilivyoamriwa.

Sijamaliza kuvuta kiti wameshaunda kamati.

Mwenyekiti ni Polycarp. Huyu ndiye pekee asiye wa Bi Zamzam. Ni winga: hana duka, hana mzigo, ana mdomo. Anamdaka mteja barabarani, anampeleka kwenye duka la mtu, anaweka cha juu chake, na mteja anaondoka akimshukuru. Katibu ni Hafidhi, mtu wa kaunta. Mhazini wakamchagua Hyasinta wa stoo kwa sababu haongei. Wakafungua na group ya WhatsApp, Kamati ya Jane, picha ya keki juu.

Na yote hayo kwa Kiswahili! Tena Kiswahili cha vikao. Ndugu mwenyekiti naomba mwongozo. Ndugu katibu weka hilo kwenye muhtasari. Neno la Kiingereza lililotamkwa darasani mwangu leo ni "Jane."

Nikawasihi, kwa Kiingereza jamani. Polycarp akanitazama kwa huruma.

"Ticha, kikao kwa Kiingereza si watu watagombana bila kuelewana?"

Jumatano, 6 Agosti

Michango ya Jane ni ya kweli.

Nimegundua kwa sababu simu ya Hyasinta ililia mara mfululizo, na kila ikilia Hafidhi anaweka tiki. Watu wanamtumia hela! Nikasimama — hata kama ni marufuku — nikawaambia Jane hayupo.

Hafidhi akavua kofia.

"Amefariki?"

Nikasema hapana, hajawahi kuwepo, ni wa kitabuni. Hapo kukawa na kelele. Mwenyekiti akatuliza kikao. Akauliza, sasa hela tunamrudishia nani, na tumeshampa oda mtu wa keki? Wakapiga kura. Sherehe ipo palepale, Jane awepo asiwepo.

Wakati wa kutoka Hyasinta amebaki nyuma. Ni binti wa Masasi, mpole, daftari lake amelifunika gazeti vizuri. Tangu aanze hajatamka neno moja la Kiingereza mbele yangu. Akafungua ukurasa wa kwanza: tarehe, mstari, basi. Akaniuliza kwa adabu zote:

"Madam, kusoma kwenyewe tunaanza lini?"

Imeniuma, siwezi kujidanganya.

Ijumaa, 8 Agosti — Nane Nane

Wakulima wanasherehekea mavuno, sisi tunamsherehekea Jane.

Pilau, kachumbari, soda, keki ya waridi imeandikwa HAPI BASDEI JENI. Wameimba kwa Kiingereza, hilo nalikubali, na kwa sauti. Athanas akaja kuchungulia. "Madam, leo mnacheza nini?" Anauliza hivyo kila siku tangu Jumanne, hachoki. Akala sahani mbili za mchezo huo.

Filbert akapiga picha, akaziweka kwenye ukurasa wa kituo. Wanafunzi wetu wakitekeleza taski.

Keki ilikuwa nzuri. Nimebeba kipande.

Jumamosi, 9 Agosti

Bi Zamzam amepiga simu. Nimeanza na shikamoo, nikaitikiwa marahaba fupi kama ya askari.

Amepata habari kwamba wafanyakazi wake wamechangishwa kwa ajili ya sherehe ya mzungu, rafiki wa mwalimu, anaitwa Jane. Anataka kumjua huyo Jane ni nani, na yuko nchini kwa kibali gani.

Nikaeleza. Kila nilivyoeleza ndivyo Jane alivyozidi kuwa hai. Nilipofika kwenye "ni mtu wa kufikirika, mama," nikasikia mwenyewe ninavyosikika. Mwizi kabisa.

"Mwalimu, nisikilize. Jumamosi ijayo nakuja kukaa humo darasani. Nisipomwona mtu anafundisha, wanangu nawatoa wote."

Jioni Hillary akapiga. Safari hii hakusubiri Jumapili. Kiti kipo, na amekinunulia mto.

Jumatatu, 11 Agosti

Kijitabu nimekifungia kabatini na Jane wake. Leo nimeandaa taski yangu.

Nimejiuliza: hawa Kiingereza wanakitakia nini hasa? Jibu liko mtaani. Wazambia na Wamalawi wanaokuja Kariakoo kufunga mzigo hawajui Kiswahili, na watu wangu wanawauzia kwa vidole na kikokotoo. Basi! Nikatengeneza karatasi za wawiliwawili. Mmoja ana nusu ya taarifa, mwenzake ana nusu nyingine: msambazaji yupi, bei gani, mzigo unafika lini. Waulizane kwa Kiingereza mpaka wampate msambazaji bora. Vitabuni ni taski inayosifiwa dunia nzima, eti haijawahi kushindwa.

Hao waliosifu hawajafika Kariakoo.

Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyejibu. Ni watu wa Bi Zamzam, lakini kumbe kila mmoja ana kabiashara kake ka pembeni. Kila mtu kafunika karatasi yake kwa kiganja, anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Nikamwuliza Hafidhi kulikoni.

"Ticha, nimwambie ninapochukulia mzigo? Nimwambie na bei niliyonunulia? Si kesho anahamia hukohuko?"

Hafidhi, nikamwambia, hiyo bei ni ya uongo. Nimeitunga mimi.

"Sawa ni ya uongo. Lakini atakuwa ameisikia."

Ndipo Polycarp akainuka. Akaenda dawati la mbele, akanong'ona. Akaenda la nyuma, akanong'ona. Akazunguka darasa zima mkono begani kwa mtu mmojammoja, na aliporudi kwenye kiti chake kila karatasi ilikuwa imejaa majibu, yote sahihi. Kwa Kiswahili mwanzo mwisho. Na kila dawati linamdai — hapana, yeye ndiye anawadai — soda.

"Taski imekwisha, Ticha. Hawa watu hawaaminiani. Lazima awepo mtu wa kati."

Filbert alikuwa anapita kwenye korido, akaona karatasi zimejaa na mimi nimekaa. Akaniinulia dole gumba.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeamka na hasira na nimeshinda nayo.

Athanas, wakati wa chai, akaamua kunihurumia. Taski ni za watu ambao tayari wanajua lugha, ananieleza, huku anachovya andazi. Wanaoanza wapewe msingi kwanza, nyakati zote kumi na mbili, ndipo wafungue mdomo. Nikamwuliza, katika wanafunzi wake wote wangapi wameshafika wa kumi na mbili? Akafikiri. Akasema wengi wako imara mpaka wa tano.

Anadhani taski maana yake sarufi imefukuzwa. Filbert anadhani hivyohivyo, tofauti yao ni kwamba mmoja analia na mwingine anashangilia.

Lililonimaliza ni hili. Ukuta kati ya madarasa yetu ni wa plaiwudi. Wao wanaitikia kwa pamoja kule, sisi tunasikia kila kitu. Leo nikaona daftari la Hyasinta limejaa kurasa mbili. Nikafurahi mno! Nikainama kusoma. Ni somo la Athanas. Kakaa darasani kwangu, kanukuu la jirani kupitia ukutani.

Sikumkemea. Ningemkemea nini? Ana haki ya kutaka kufundishwa.

Jumatano, 13 Agosti

Leo! Lazima niandike yote kabla furaha haijapoa.

Nimewaza njia nzima kutoka Ilala. Kosa halikuwa la watu wangu, lilikuwa langu. Unamwambiaje mfanyabiashara wa Kariakoo amwage siri yake ndiyo ajifunze lugha? Basi asimwage. Nikageuza taski. Kila muuzaji ana bei ya mwisho, asiitaje. Kila mnunuzi ana kiwango chake, asikitaje. Wakubaliane biashara. Mwenzako akiijua siri yako umeliwa. Watu wa kati marufuku — Polycarp akapinga rasmi, nikamwandika mnunuzi. Na mnunuzi ni Mzambia: ukimsemesha Kiswahili anahamia duka la pili.

Jamani! Kiingereza kilitoka. Kimepinda, kimevunjika mguu, kinatembea. Hafidhi anaapa kwa Mungu kwa Kiingereza kwamba hapati faida. Polycarp anajifanya anaondoka, anaitwa, anarudi, anaondoka tena. Mimi nazunguka, nasikiliza wanapokwama. Wanajua kusema bei, hawajui kusema "inategemea unachukua mingapi." Wanajua kukataa, hawajui kukataa bila kumfukuza mteja.

Kisha nikawasimamisha. Ubao sina, nikachana boksi la mapazia, nikaandika mgongoni kwake, kwa kalamu ya wino mzito ya Hafidhi, maneno yote waliyoyatafuta wakayakosa. Nikawaeleza kwa nini yanakaa hivyo na si vile. Walinakili kama watu wenye njaa. Hiyo ndiyo sarufi, imekuja ilipoitwa.

Na Hyasinta? Nilimpa kuwa mnunuzi. Hakusema neno. Muuzaji anataja bei, yeye anamtazama. Tu. Muuzaji anajichekesha, anashusha. Anamtazama. Anashusha tena! Kazunguka kwa wauzaji watatu, wote wamejipunguzia wenyewe mpaka chini ya bei ya mwisho. Kashinda taski kwa kunyamaza.

"Huyu ni noma," Polycarp akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona anajifunza kitu.

Alhamisi, 14 Agosti

Filbert ameniita. Kuna mtu amemwambia kwamba jana nilionekana nimesimama mbele ya darasa, boksi mkononi, naeleza.

"Umefundisha, Madam."

Kwa sauti ileile ambayo mtu angesema umekunywa pombe kazini. Nikajitetea kwamba kueleza baada ya taski ni sehemu ya njia yenyewe. Akasema semina haikufika huko, labda ilikuwa siku ya tatu. Jumamosi hataki kuniona nafundisha.

Bi Zamzam amesema asipomwona mtu anafundisha anawatoa watu wake.

Kwa hiyo Jumamosi nisifundishe, nionekane nafundisha. Hewala.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepiga pasi gauni la bluu. Naogopa. Sina la kuongeza.

Jumamosi, 16 Agosti

Amekuja. Ghorofa tatu kwa ngazi, amefika anahema, udi umemtangulia. Akawekewa kiti mbele kabisa, Filbert akasimama mlangoni. Upande wa pili wa plaiwudi Athanas leo kawazidishia sauti wanafunzi wake, ukuta unatetemeka.

Nikatoa maelezo kwa ufupi. Wanunuzi wametoka Zambia, wanataka mapazia ya nyumba ya wageni. Hafidhi alikuwa ameleta sampuli ya pazia kutoka dukani kwa Bi Zamzam mwenyewe, iwe halisi. Nikawapa muda wa kujipanga, nikarudi nyuma.

Watu wakaanza, tena vizuri. Lakini Bi Zamzam hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Nikienda kushoto, macho kushoto. Nikiinama kumsikiliza mtu, anainama.

"Mwalimu, umechoka?"

Hapana mama, nikamwambia, nawasikiliza.

"Unawasikiliza, sawa. Kufundisha ni saa ngapi?"

Filbert mlangoni, dole gumba juu.

Ikafika zamu ya Hyasinta mbele ya wote. Yeye mnunuzi, Polycarp muuzaji. Polycarp akalisifia lile pazia kwa Kiingereza chote alichonacho na kingine cha kuazima. Hyasinta akamtazama, kama kawaida yake. Nikajua atanyamaza, na leo kunyamaza hakutatosha. Akalishika pazia. Akalifikicha kwa vidole, akalinusa. Kisha akafungua mdomo.

Akasema, kwa Kiingereza, polepole, kwamba pazia hili ukilifua mara moja linakuwa pazia la dirisha dogo.

Darasa likalipuka! Polycarp, badala ya kuficha, akamwuliza amejuaje. Akajibu, kwa Kiingereza vilevile, kwamba anafanya kazi hapo.

Hafidhi alilala juu ya dawati kwa kicheko. Mimi machozi yalinilengalenga. Binti wa kurasa tupu! Amemwambia mtu jambo la kweli, kwa lugha asiyoijua, na likafika!

Bi Zamzam anajua Kiingereza cha namba tu. Alikuwa anacheka kwa kufuata wenzake. Akageuka.

"Eti mwanangu amesema nini?"

Kicheko kikakatika. Wote wakanitazama mimi. Hyasinta rangi imemtoka, sasa ndiyo kakumbuka aliyekaa mbele ni nani. Nikalichukua lile pazia, nikaanza kulikunja. Miaka yote ya chuo, vyeti ukutani, nakunja pazia.

Mtu wa kati akajitokeza. Hakuitwa.

"Bi mkubwa, anasema pazia lako mteja akilifua mara moja tu, lazima arudi dukani."

"Maashallah!"

Na si uongo! Hata mimi siwezi kumkosoa.

Bi Zamzam akainuka, kaguswa kwelikweli. Huyu binti, akasema, mwaka mzima dukani kwangu sijamsikia akisema maneno kumi, leo anamwaga kizungu. Akamshika Hyasinta shavu. Mimi moyoni tayari nimebaki Dar. Nimeshapaka rangi chumba.

Akamgeukia Filbert.

"Sasa baba, hawa wanaongea wenyewe. Huyu mwalimu nimemwangalia toka mwanzo mpaka mwisho, hajafundisha hata neno. Wa nini?"

Filbert, kwa fahari, akasema ndiyo mbinu yenyewe, mama.

"Basi mbinu nzuri. Haitaki mwalimu. Hata huyu kijana mchangamfu anaweza kuwakalia." Akamwonyesha Polycarp kwa kidole.

Filbert akamtazama Polycarp. Nikaliona wazo linavyomwingia, taratibu, likakaa. Akasema Jumatatu tukutane ofisini tulizungumze.

Wangeshindwa, ningekuwa mwalimu mbaya. Wameshinda, kwa hiyo sihitajiki. Athanas mwezi huu hajapata hata mwanafunzi mmoja anayeweza kuomba maji kwa Kiingereza, na kazi yake iko salama kwa sababu anasikika mpaka barabarani. Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi, tundu lenyewe hili hapa.

Kwenye ngazi Hyasinta akanisubiri. Alidhani nimekasirishwa na yeye. Akauliza, "Madam, pale nilikosea wapi?" Nikamwambia kulikuwa na neno moja limeruka na jingine limetangulia. Tukaisimamisha sentensi yake vizuri hapohapo, watu wanatupita na mabelo ya mitumba. Akaiandika kwenye daftari. Si ya Athanas. Ni yake.

Jumatatu, 18 Agosti

Naandikia kwenye benchi nje ya ofisi. Ndani wako Filbert na Bi Zamzam, mlango umefungwa, nasikia vicheko na vijiko vya chai. Nimeambiwa nisubiri.

Polycarp kaja kukaa pembeni yangu. Mkononi anachezea ufunguo. Ufunguo wa darasa langu! Filbert alimpigia jana, amempa "kuwasimamia" kuanzia leo. Nikageuza uso. Sikutaka anione.

Akaanza kuongea. Kwa Kiingereza. Nikadhani ni mzaha, lakini hakutoka humo hata mara moja.

Kwamba ufunguo ameuchukua ili usichukuliwe na mwingine. Kwamba yeye hawezi kufundisha, na anajua nani aliyekuwa anafundisha wakati kila mtu anasema hakuna anayefundisha — aliona mabosi wanavyonitazama, na aliona boksi. Kwamba kuna chumba Narung'ombe juu ya duka la vyombo, ameshakiangalia. Kwamba ameshazungumza na maduka kadhaa yenye wateja wa Lusaka na Blantyre. Wanafunzi atawaleta yeye. Yeye ni winga, na winga hana mzigo. Mzigo ni mimi.

Nikamwuliza, ubao upo?

Upo. Mpya.

Nikamwuliza hao wanafunzi watamlipa kiasi gani. Akatabasamu, akaweka kiganja juu ya goti kama anafunika karatasi. Kweli, kwa sheria ya taski yangu mwenyewe haruhusiwi kusema.

Kisha akaniuliza bei yangu ya mwisho. Neno kwa neno kama nilivyoliandika swali hilo mgongoni mwa boksi. Katika maelezo yote hayo amekosea vitenzi hapa na pale, kwa mazoea yangu nikayahesabu makosa. Lakini hakuna nilichokosa kuelewa.

Simu inatetemeka mfukoni, ni Hillary. Kitasa cha ofisi kimezunguka, Filbert ametoa kichwa: "Madam Severa, karibu ndani." Nimemwambia nakuja.

Polycarp nimeshamtajia bei. Hajakubali, hajakataa. Ananitazama tu, kimya, vilevile alivyomwona Hyasinta akifanya.

Na mimi, mwalimu wake, nimeshashusha mara moja.